Kuacha soda: tunaanza Jumatatu

Habari za jioni wanakikundi. Kola ya mililita 350 ina sukari takriban gramu 37, yaani vijiko vya chai tisa. Aliyezoea kila siku asikate ghafla: kafeini, kichangamshi kilichomo kwenye kola, ikikosekana, kichwa huuma siku ya kwanza au ya pili, na hapo ndipo wengi hurudi dukani. Wiki ya kwanza kunywa nusu chupa, kisha acha. Badala ya soda tunywe maji: ya bomba yachemke hadi yatokote, yafunike yapoe, tia vipande vya limao au tango. Kwenye daladala beba chupa yako ya lita moja, nywa kidogo kidogo. Juisi ya miwa nayo ni sukari, tusidanganyane! Wenye matatizo ya figo au moyo, kiasi cha maji muulizeni daktari kwanza.