Kwa Jaji Mkuu wa Kenya: Kochi lina siku 7, mshahara hauna hata saa moja

Mheshimiwa Jaji Mkuu,

Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1 na hutakiwa kuyamaliza ndani ya siku 60. Hilo limewafaa wengi. Shida huanza hukumu ikishatoka.

Dalali wa mahakama akija kukamata kochi na televisheni, lazima aviorodheshe, kisha ampe mwenyewe siku 7 za kulipa kabla ya kuvibeba. Nguo, sufuria, vitanda na zana za kazi haruhusiwi kugusa. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Taratibu za Kesi za Madai kinakataza. Kifungu hicho hicho hulinda theluthi mbili za mshahara.

Akaunti ya benki haina bahati hiyo. Chini ya Amri ya 23 ya Kanuni za Taratibu za Kesi za Madai, mdai huomba mdaiwa akiwa hayupo, agizo la muda hupelekwa benki, na benki huzuia pesa. Mdaiwa hupewa nakala angalau siku 7 kabla ya kusikilizwa, ndiyo, lakini siku hizo huenda pesa zikiwa zimeshafungwa na mwenye nyumba anadai kodi.

Baya zaidi, amri hiyo huutenga mshahara ulio mikononi mwa mwajiri tu. Ukishaingia benki huwa ni deni la benki kwa mteja, na hakuna neno la kuukinga huko. Chukua anayelipwa 45,000 na kudaiwa 60,000: kwa mwajiri zingekatwa 15,000 kwa mwezi; kwenye akaunti zinaweza kwenda zote 45,000. Mdai mjanja anajua aende wapi, na tarehe ngapi.

Kamati ya Kanuni, inayotunga kanuni hizo, irekebishe Amri ya 23: benki iache theluthi mbili za mshahara wa mwisho ulioingia, na izuie kiasi cha hukumu na gharama tu, si akaunti nzima. Inawezekana. Marekani, tangu 2011, benki hukagua miezi 2 ya akaunti na kuacha malipo ya uzeeni ya serikali kuu bila mteja kuomba.

Na chini ya kila agizo pachapishwe, kwa Kiswahili, la kufanya: hakikisha jina, nambari ya kesi na kiasi, kama akaunti ni ya watu wawili, sema mapema, peleka hati ya mshahara na taarifa ya benki kabla ya tarehe ya kusikilizwa, na kama deni ni la kweli, omba kulipa kwa awamu siku hiyo hiyo.