Usiiguse akiba ile kwa ajili yangu

Lubumbashi, Katuba, mwezi wa kumi

Ndugu yangu Baba Mireille,

Barua yako ilinikuta chini ya mwembe, jua linachoma. Nilipofika pale unaposema utatoa baht 450,000 benki huko Thailand ili nimalizie nyumba, machozi yalinitoka, hata Mama Ngoy akauliza nani amekufa. Asante sana, ndugu yangu. Lakini nakuomba, usitoe.

Wewe mwenyewe ulinieleza mwaka juzi jinsi Thailand inavyomruhusu mstaafu aliyetimiza miaka 50 kukaa, na nimeitafuta barua ile nikaisoma tena. Baht 800,000 zikae benki kwa jina lako miezi miwili kabla ya kuomba, kisha miezi mitatu baada ya kukubaliwa. Miezi inayobaki zisishuke chini ya 400,000. Wewe umekubaliwa mwezi wa tisa tu! Mpaka mwezi wa kumi na mbili hata baht moja haitoki. Na hata ukisubiri, 800,000 ukitoa 450,000 zinabaki 350,000. Kibali ni cha mwaka mmoja tu. Mwezi wa saba, miezi miwili kabla ya kuomba tena, utazijaza kwa pesa gani? Kama pensheni yako ya Ubelgiji ingefika baht 65,000 kila mwezi, ungeonyesha hiyo na akiba yako ingekuwa huru. Haifiki, ndiyo maana ulichagua njia ya akiba.

Unakumbuka mwaka 2003, nilipoacha kazi na malipo ya mkupuo. Ulikuwa umeshahamia Ulaya, lakini nilikuandikia yote. Jumamosi ya kwanza walifika ndugu saba, wengine sikuwa nimewaona tangu mazishi ya baba. Nikalipa hospitali ya shangazi, nikatoa mahari ya mtoto wa kaka, nikanunua mashine ya kusaga mahindi, nayo injini ikafa kabla ya mavuno. Masika ya pili nilikuwa sokoni nauza makala, mkaa wa kupikia. Siwalaumu ndugu, walikuwa na shida kweli. Ila hakuna mtu wala sheria iliyonizuia kuzigusa zile pesa. Wewe sheria hiyo unayo, na mimi nafurahi unayo, hata kama leo inanizuia mimi.

Kwa umri wetu huu, Baba Mireille, utaanza upya wapi? Nyumba ya Ubelgiji uliiuza. Daktari wako wa moyo yuko hapo Chiang Mai, na Mireille alizoea kukujia huko na wajukuu.

Nyumba yangu ina vyumba viwili vyenye mabati, tunalala pakavu. Upande mwingine nimefunika turubai na kupanga mawe juu ya kuta ili mvua isizile. Ngoy amepata kazi Kolwezi, ameahidi mabati kumi kila anapopokea mshahara. Itachukua muda, sawa.

Jambo lingine, na hili usilipuuze: unasema utakuja kwa Noeli. Kabla hujapanda ndege, pita uhamiaji uchukue kibali cha kurudi. Cha safari moja ni baht 1,000, cha safari nyingi 3,800. Ukitoka bila hicho, mwaka wako wote uliolipia baht 1,900 unafutika palepale mpakani, ndivyo ilivyompata yule jirani yako aliyekimbilia mazishi ya dada yake. Alirudi akaanza tangu mwanzo, na majonzi juu yake. Na hesabu zile siku 90 za kuripoti makazi. Ukirudi zinaanza upya siku unayoingia.

Kama moyo wako hautulii bila kunipa kitu, niletee dawa ya macho ya Mama Ngoy, ile uliyotuma mara ya mwisho. Inatosha kabisa.

Niandikie tarehe ya kufika uwanja wa ndege wa Luano, nitakuja kukupokea na kijana wa jirani mwenye gari. Mvua zitakuwa zimeshika, uyoga utakuwa umejaa barabarani. Mama Ngoy anasema bukari, ugali wetu, ya mahindi mapya bado, lakini sombe ya majani ya muhogo ipo.

Ndugu yako,
Baba Ngoy