MALALAMIKO: Muda wa safari Mombasa – New York mliotuandikia si wa kweli

Kwa meneja wa huduma kwa wateja,

Salaam. Naandika kutoka Changamwe, Mombasa, kuhusu tiketi ya mamangu tuliyokata kwenye websaiti yenu aende New York kwa dadangu. Nilipiga simu kulalamika kuhusu muda wa safari mliouandika, nikajibiwa eti hayo ni makadirio tu. Jibu hilo silikubali.

Ukurasa wenu umeandika kwa herufi kubwa, Mombasa mpaka JFK, yaani uwanja wa ndege wa New York, kilomita 12,200, muda wa safari saa 13 na nusu. Meseji ya kuthibitisha nayo ikaja na saa ya kuondoka na huo muda basi, saa ya kufika hamkuweka. Sasa shikeni kalkuleta mgawanye hizo kilomita kwa 900, spidi ya ndege kubwa ikiwa juu, mtapata hizo hizo saa 13 na nusu. Yaani mmepiga mstari kwenye ramani mkagawanya, kana kwamba iko ndege inaruka hapa uwanja wetu wa Port Reitz ikatue JFK bila kugusa popote. Hakuna! Ndege ya moja kwa moja inatoka Nairobi, ilianza Oktoba 2018, na hio peke yake ni kama saa 15 kwa sababu ukienda magharibi ule upepo mkali wa juu unaipinga ndege, wakati wa kurudi unaisukuma ndio inakuwa kama saa 14. Nyinyi kwenda na kurudi mmeweka namba moja.

Mamangu aliruka Mombasa saa kumi na moja na nusu jioni, lisaa limoja mpaka Nairobi, akakaa hapo uwanjani JKIA mpaka saa tano na nusu usiku, hapo ndio saa 15 zikaanza kuhesabiwa. Jumlisheni wenyewe, ni saa 21, na foleni ya uhamiaji bado.

Na mama ana sukari, anajidunga insulini. Nesi wa kliniki alimpangia sindano na chakula akifuata muda wa kwenye meseji yenu, kwa hivyo mama akajidunga akijua anakaribia kushuka ale kwa mwanawe, kumbe ndege ndio kwanza iko nusu ya njia. Sukari ikamshuka, akaanza kutetemeka, jasho linamtoka, bahati jirani yake kwenye siti akamwita mhudumu akaletewa juisi. Mama wa watu yuko peke yake hewani na Kizungu chake cha kubahatisha, mnaelewa hio ni hatari gani?

Dadangu naye alikuwa JFK saa tano usiku za kule, maana msimu wa baridi wako nyuma yetu saa 8, joto likija zinakuwa 7. Mama akatua saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Usiku kucha dadangu amesimama pale anatupigia simu analia.

Nataka huo ukurasa urekebishwe: umbali wa mstari useme ni wa mstari, muda wa hewani uwe kando, wa kusubiri kando, na saa ya kufika iandikwe kwa saa za kule. Mnirudishie ada ya huduma mliyokata. Na tiketi ya mama ya kurudi mlituuzia nyinyi nyinyi, kwa hivyo nitumieni ratiba yake kamili kwa emaili wiki hii, nesi apate kumpangia dawa upya kabla hajasafiri.

Mteja wenu, Mombasa