Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Usalama wa Anga: taa ya mkanda ituhusu na sisi

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Kwa heshima zote, tumefika hadharani kwa sababu barua zetu za ofisini hazijibiwi. Uliahidi kuipitia kanuni ya wahudumu na taa ya mkanda, ile inayowaamuru abiria wafunge mikanda, kabla ya mwaka kwisha. Mwaka umekwisha, na wiki hii mhudumu mwingine kashushwa ndegeni kwa machela, kifundo cha mguu kimevunjika.

Kifundo, Mheshimiwa, ndicho huvunjika mara nyingi, na sababu inajulikana. Hewa ikiishusha ndege ghafla, asiyefunga mkanda hashuki nayo. Anabaki juu, kichwa kinagonga dari, kisha sakafu inampandia naye anatua na mguu umepinda. Aliye jiko la nyuma huumia zaidi, maana mkia husukwa kuliko sehemu ya mabawa. Toroli lililojaa hukaribia kilo 100, nalo hurushwa pia.

Mei 21, 2024, ndege ya Singapore Airlines iliyotoka London ilikumbwa na msukosuko juu ya Myanmar. Abiria mmoja alifariki, makumi wakaumia. Ripoti ya awali ya wachunguzi ilionyesha kwamba tangu rubani atamke kuwa taa imewashwa hadi ndege kuanza kurushwa vikali, zilipita sekunde 8 hivi.

Sekunde 8! Hebu zihesabu ukiwa katikati ya ujia. Kanyaga breki nyekundu ya toroli. Shusha birika la kahawa sakafuni, maana likibaki juu litammwagikia mtu. Fika kwenye kiti cha kukunja, kivute, vaa mikanda ya mabega, funga na ya kiunoni. Mwepesi kuliko wote hamalizi.

Hatumlaumu rubani. Msukosuko wa anga safi, yaani pasipo mawingu, hauna matone ya maji, na rada ya ndege husoma matone, haiwezi kuuona. Lakini mara nyingi utabiri upo, au ndege iliyotangulia imeshatoa taarifa, na taa inawashwa mapema. Abiria wanafunga mikanda. Sisi tunaendelea kumimina chai, kwa kuwa taa peke yake haitulazimishi kukaa. Tunasubiri agizo la rubani, na agizo huja ndege ikiwa tayari inaruka-ruka.

Marekani ilihesabu watu 163 walioumia vibaya kwa misukosuko kuanzia 2009 hadi 2022. Kati yao 129 walikuwa wafanyakazi wa ndege. Wachache kuliko wote ndegeni, na ndio wengi hospitalini!

Usiambiwe haiwezekani. Baada ya ajali ile, Singapore Airlines ilisitisha chakula na vinywaji moto taa ikiwaka. Korean Air, tangu Julai 2024, humaliza huduma dakika 40 kabla ya kutua badala ya 20, ili misukosuko ya wakati wa kushuka isiwaumize abiria na wahudumu.

Ombi letu ni moja, na tumeliomba kabla: iandikwe kwenye kanuni kwamba taa ya mkanda ikiwaka, huduma inakoma na mhudumu anakaa na kufunga mkanda, bila kusubiri agizo. Isiachwe kwa hiari ya kampuni, wala ya msimamizi anayeogopa malalamiko ya abiria aliyekosa kahawa. Iandikwe, Mheshimiwa.

Na safari hii tutajie tarehe.

Wahudumu wa ndege