Mheshimiwa Waziri, tumechujwa kwa shangazi

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,
Dodoma.

YAH: WAHITIMU WANAOKOMEA MLANGONI MWA MAABARA

Mheshimiwa Waziri, shikamoo.

Nimesoma shule ya kata, Kilombero. Mikropipeti, kile kifaa cha kupimia matone madogo ya kimiminika, niliiona kwanza kwenye picha, nikaja kuishika mwaka wa tatu chuoni: moja, watu 12, na zamu yangu ilifika mwalimu akishatazama saa. Sikuandikii kulalamikia hilo. Maabara zimejengwa hadi kwenye kata, na tangu 2022 Samia Scholarship inasomesha waliofanya vizuri masomo ya sayansi kidato cha sita. Ninachoandikia ni mwaka ule unaofuata shahada. Huo hauna mwenyewe.

Mhitimu akiomba uzamili wa utafiti wa tiba huulizwa amefanya kazi maabara muda gani, na nani anaijua kazi yake aiandikie barua. GPA haijibu hata moja. Wiki 8 za mafunzo kwa vitendo nazo hazijibu. Zangu ziliishia kuandika namba kwenye vichupa vya sampuli. Basi tunaambiwa tukajitolee.

Nikajitolea miezi 14 kwenye taasisi moja ya Dar es Salaam, siitaji. Posho hakuna, nauli juu yako, chakula usiulize. Tulianza watano. Aliyetoka Kigoma, aliyetuzidi wote kwenye biokemia, aliondoka mwezi wa pili kwa kukosa kodi ya chumba; sasa anauza vifaa vya simu. Wengine wawili wakafuata. Tuliobaki tulikuwa wawili, na wote tuna ndugu mjini: mimi nililala kwa shangazi Mbagala, mwenzangu kwa kaka yake Ubungo. Hakuna aliyetupima akili, Mheshimiwa. Tulichujwa kwa shangazi.

Na hata ukivuka hapo kuna ile karatasi ya kujieleza unapoomba nafasi ya uzamili. Niliiandika mara 6. Kwetu mtu akijisifu huambiwa ana majivuno, halafu unatakiwa uwaambie wageni kurasa mbili kwa Kiingereza kwamba wewe ni hodari. Watoto wa watafiti hufundishwa hilo mezani kwao. Mimi nilifundishwa na mtafiti mmoja aliyenionea huruma, kwenye korido, akisubiri mashine imalize kuzunguka.

Dawa ya haya haiko mbali. Kilifi, Kenya, ng'ambo tu ya mpaka, kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome kimekuwa kikichukua wahitimu wapya, kuwalipa, kuwakabidhi kwa mtafiti mlezi na kuwafundisha mbinu za utafiti wa afya pamoja na Chuo Kikuu cha Pwani. Mhitimu akitoka hapo ana kazi ya kuonyesha na mtu wa kumwandikia barua.

Naomba COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, ikabidhiwe mwaka wa namna hiyo. Nafasi 100 kwa kuanzia, kwenye taasisi za utafiti wa afya za NIMR na Ifakara, na vyuo vikuu vya Muhimbili na Sokoine (SUA), zenye posho ya kujikimu na mlezi anayejulikana kwa jina, ambaye muda wa kulea umehesabiwa kwenye kazi yake. Nusu ya nafasi ziende kwa waliomaliza kidato cha nne shule za kata nje ya majiji. Bila sharti hilo zitajazwa na sisi wenye mashangazi.

Mwaka 2009 majaribio makubwa ya chanjo ya malaria ya RTS,S yalianza Bagamoyo na Korogwe. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza 2021. Watoto waliochomwa sindano zile wakiwa wachanga leo wana umri wa sekondari. Damu zao zilishaingia maabara, wao wenyewe bado.

Jana nilipita kwenye ubao wa matangazo wa pale nilipojitolea. Nafasi iko wazi tena. Sifa ya tatu: awe mkazi wa Dar es Salaam.

Wako mtiifu,
Msaidizi wa maabara, Bagamoyo