Ilani ya maandamano si ombi la kibali: barua ya wazi kwa Kamanda wa Polisi, Kaunti ya Mombasa

Mheshimiwa Kamanda,

Neno moja huharibu mambo mezani kabla hata bango halijachorwa: "kibali". Mtu analeta ilani, anaambiwa arudi kesho, kibali hakijatoka. Ibara ya 37 ya Katiba, inayotoa haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani, haina kibali, wala Sheria ya Utulivu wa Umma, Sura ya 56. Kifungu cha 5 kinataka ilani tu, imfikie OCS (mkuu wa kituo cha polisi) siku zisizopungua 3 wala kuzidi 14 kabla: majina kamili ya mwandalizi na anakoishi, tarehe, saa (kati ya saa 12 asubuhi na saa 12 jioni), na uwanja au njia. Ikiwa wengine wametangulia kuandikisha Uwanja wa Makadara saa hiyo hiyo, OCS amwandikie mwandalizi mara moja. Simu ya usiku wa kuamkia maandamano si barua.

Tunachoomba kwanza ni muhuri. Nakala ya pili igongwe, iandikwe saa, irudishwe papo hapo, na daftari la ilani liwe wazi kwa mwananchi. Bila muhuri, siku ikifika mwandalizi huambiwa hakuleta ilani. Na kukosa ilani ni sababu halali ya kuzuia mkutano. Mtego umeshafyatuka.

Sababu nyingine ni hatari iliyo wazi ya kuvunjika amani, na anayeipima ni OCS, au afisa wa cheo cha inspekta kwenda juu. Si konstebo aliyechoka na jua.

Kuhusu vitoza machozi: moshi wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini na kuganda vichochoroni. Kusi ikivuma, uliofyatuliwa Treasury Square huishia Marikiti, kwa muuza viungo asiyeandamana. Na umati uliozibwa Nkrumah Road huku na huku hautawanyiki hata ukitaka. Kipaza sauti kitangulie, kwa Kiswahili, kitaje njia ya kutokea, watu wapewe dakika za kuifuata. Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 linaanza na njia zisizo za nguvu. Na mtu akiumia, maafisa waliopo wampatie matibabu mara moja na kuwaarifu jamaa zake.

Mwandalizi naye ana wajibu: awepo mwanzo hadi mwisho, asaidie polisi kutunza amani. Atamsaidia nani asiyemjua? Mpeni, siku ilani inapopokelewa, jina na simu ya afisa atakayesimamia.

Wasalaam,
Sisi waandalizi na wasaidizi wa kisheria, Mombasa