Mhariri, na sisi wa kurudiwa mtuandike

Mhariri,

Ile habari yenu ya watoto waliopandikizwa vifaa vya usikivu ndani ya sikio nimeisoma, picha nzuri, mama analia, mtoto anageuka akiitwa. Gazeti lenu nanunua miaka yote hapa Mwanjelwa na sijawahi kuandika neno, ila mliposema akishawekewa ndo basi, tatizo limeisha, nikasema leo hapana.

Halijaisha! Kuna sisi wa kurudiwa, kifaa kikifa tunapandikizwa kingine. Mi mtu mzima, masikio yangu yaliondoka na sindano za kanamaisini za TB sugu, hizo WHO walikuja kusema 2018 zisitumike tena, yangu yameshaenda. Nikapandikizwa, nikasikia, nikarudi kuuza vitenge. Alafu sauti ikaanza kukatikakatika kama redio ukiwa unapanda Kitonga, mwisho kimya kabisa. Wakabadilisha vya nje vyote, waya, sumaku, prosesa ile ya kunasa sauti, wapi. Kupima sehemu ya ndani, ile iliyopandikizwa, imekufa, na ya ndani haitengenezeki jamani, unapasuliwa upya nyuma ya sikio, ya zamani inachomolewa na mpya inapitishwa njia ileile kwenye koklea, kile kikonokono cha ndani ya sikio, kama hakuna usaha mara nyingi wanamaliza siku hiyohiyo. Wengine wanajigonga kichwa inakufa, wengine ngozi inaharibika juu yake, wengine nyaya zinahama. Sisemi ni wengi, na wengi wakirudiwa wanasikia tena vizuri tu, sasa si ndo mngeandika hilo? Kuna mtu yuko Makete huko kanyamaza anadhani habari yake imeisha. Hata bima wananiuliza si ulishafanyiwa wewe, utadhani nimeomba soda ya pili.

Juzi nimeenda hospitali moja kufuatilia rufaa ya Dar, kliniki ya masikio, narudia mhariri, YA MASIKIO, dada yuko dirishani anaita majina kwa mdomo na barakoa kavaa, hata midomo huioni. Nimekaa benchini mpaka mtu wa usafi ananiinulisha miguu apige deki. Nikamfuata dada na daftari nimeandika "sisikii, niandikie", akalisukuma pembeni, akainama akanipigia kelele sikioni, nilichopata ni joto la pumzi na harufu ya vitunguu. Watu benchini wanacheka.

Na mabasi nao! Mafinga tumeshuka kuchimba dawa, konda katangaza dakika tano, mi nimejuaje? Natoka chooni gari haipo, imeenda na begi lenye betri zangu za akiba na barua zote za daktari, nimelifuata na lori la mbao mpaka Iringa naangaliwa kwa macho ya huruma njia nzima.

Basi, mkitoa tena picha ya mtoto anayewashiwa kifaa, pembeni wekeni mtu mzima anayesubiri kurudiwa, nipo, sura siyo mbaya. Na ile kliniki nitawapelekea ubao mwenyewe na boksi la chaki, nyeupe tu, za rangi hazifutiki vizuri.

Muuza vitenge,
Mwanjelwa, Mbeya